Haludi kwa Bwana Arusi Namba Tatu

Asubuhi za likizo nyumbani kwetu Kileleshwa zina utaratibu wake, na utaratibu huo haujawahi kuniomba maoni. Alfajiri Baba huamsha watu kwa swala. Saa moja Anti Namalwa, anayetusaidia kazi za nyumbani, huteleka chai ya tangawizi na kukaanga mahamri. Saa mbili Baba hushuka ngazi kutoka orofa ya nne na kwenda dukani kwake Mtaa wa Biashara, mjini, anakouza kanzu, buibui na marashi. Hapo ndipo mimi, Mujahid bin Shee, mwanafunzi wa gredi ya nane katika shule ya bweni yenye kengele kumi na nne kwa siku, hurudi kitandani kwangu nikalala kama binadamu.

Agosti hii sikuwa na kitanda.

Nilifika Jumatatu na sanduku langu la bati, nikafungua mlango wa chumba changu, nikakuta kitanda kimesimamishwa ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa. Mahali pake palikuwa na kizimba cha chandarua kilichonipita urefu. Ndani yake viwavi wenye mistari myeusi na ya manjano walikuwa wakitafuna majani, na vipepeo wa rangi ya chungwa walikuwa wametulia juu kama wenye nyumba.

"Usibamize mlango," akasema dada yangu Rumaisa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na asiye na hata salamu. "Wanashtuka."

"Na mimi? Mimi sishtuki?"

"Wewe utalala sebuleni. Mama ameshakubali."

Nilikwenda kwa Mama kudai haki zangu. Nilizidai kwa sauti ya mtu aliyekula maharagwe yenye fukusi kwa wiki kumi na tatu mfululizo. Mama hakuinua macho kutoka kwa kanzu aliyokuwa akiipiga pasi.

"Mwenzio ana maonyesho ya sayansi Jumamosi, mjini," akasema. "Wiki sita anawalea wadudu wale. Wewe wiki sita zako ulifanya nini? Ulifunga kengele ya shule kwa soksi."

Suala la soksi lilikuwa limeshafika kwa Baba. Baba alikuwa ameshatoa hukumu: mzaha mmoja zaidi, na Desemba wenzangu watakapokwenda Lamu kwa Bibi, mimi nitabaki Nairobi kuhesabu magari.

Basi nikalala sebuleni, kwenye kochi fupi, miguu ikining'inia hewani. Nililala na hasira na niliamka nayo. Naomba ieleweke hivyo tangu mwanzo, ingawa hasira si kisingizio.

Jumanne Rumaisa alinihurumia, akaniruhusu niingie chumbani kwangu kama mgeni. Kila kipepeo dume alikuwa ameandikwa namba ndogo kwenye bawa kwa kalamu nyembamba, moja hadi sita. Majike walikuwa wanne, bila namba.

"Haya, niambie," nikasema. "Wanafanya nini cha maana zaidi ya kulala chumbani kwangu?"

"Wanatambuana," akasema. Nilimwona akisahau kwamba ananichukia, maana macho yake yaliwaka. "Dume akiona rangi ya chungwa kwa mbali, anafuata. Lakini rangi haimtoshi. Kuna kipepeo wa aina nyingine kabisa, jike wake ana rangi hizi hizi, doa kwa doa. Wewe ukiwekewa wote wawili huwezi kuwatofautisha."

"Mapacha?"

"Hata ukoo wao si mmoja. Sasa dume hamalizi kwa macho. Anakaribia. Akifika karibu anasikia harufu. Ikiwa si ya kabila lake, anageuza anaenda zake."

"Na jike je? Anakubali tu?"

"Thubutu! Tazama." Alinionyesha dume namba tano. Kwenye bawa lake la nyuma palikuwa na doa jeusi dogo. "Hicho ni kifuko. Ndani mna harufu yake. Mkiani ana brashi mbili za nywele anazozificha. Anazichovya kwenye kifuko, halafu anaruka juu ya jike na kumpepea usoni, kwenye vipapasio. Jike akiitambua harufu, anatua. Asipoitambua, anakimbia."

Na kweli, namba tano aliruka juu ya jike mmoja, nyuma yake pakachomoza kitu kama brashi ya kunyolea ndevu, ndogo kuliko punje ya mchele. Jike akatua kwenye jani. Rumaisa akaangalia saa, akaandika kwenye daftari.

Anti Namalwa aliingia na fungu la mboga zilizonyauka, akaliangika juu ya kizimba kwa uzi.

"Mitoo," akaniambia alipoona ninakunja pua. "Kwetu Bungoma, mama aking'oa mitoo ikanyaukia kando ya shamba, hawa wa rangi hii walikuwa wanajaa hapo mpaka unawafukuza kwa mkono. Na wote walikuwa wanaume."

"Anti ndiye aliyeniambia," akasema Rumaisa. "Nikamuuliza Mwalimu Nyokabi, akasema ni kweli. Dume hunyonya kitu kwenye mimea kama hiyo ili atengeneze harufu yake. Kabla ya mitoo majike walikuwa wanawakimbia wote. Anti anaitafuta sokoni kila wiki."

"Bila mitoo hakuna arusi," akasema Anti Namalwa, akacheka na kurudi jikoni. Mama alikuwa amemwagiza apulize dawa ya mende kule. Nilimwona akifunga mlango wa chumba cha vipepeo na kuziba kwa kitambaa ule mwanya wa chini. Nililiona hilo kwa macho yangu haya mawili. Likumbukeni, kwa sababu mimi nilijifanya nimelisahau.

Jumatano alasiri nyumba ilibaki tupu. Mama alikuwa dukani kumsaidia Baba, Rumaisa shuleni kwao Parklands kuandaa mabango ya maonyesho, Anti Namalwa sokoni. Rafiki yangu Norman, anayeishi orofa ya pili, akaja na maandazi mfukoni.

"Niaje Muja? Ati siku hizi umefukuzwa na vipepeo?"

"Sijafukuzwa. Nimehamishwa kwa muda."

"Na wadudu!" Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Buda, wewe ambaye ulifunga kengele?"

Kicheko hicho kilinichoma mahali pabaya. Nikamwambia ananiona hivi, lakini leo nitawaozesha wale wapangaji rasmi, kwa mila za kwetu. Kwetu pwani bwana arusi hatoki nyumbani bila kupakwa marashi. Watu wazima humpaka mabegani, kifuani, nyuma ya masikio, mpaka akipita njiani hata paka wanajua kuna harusi. Nikaenda kwenye kabati la Mama nikatoa chupa yake ndogo ya haludi, marashi mazito ya mafuta, ile aliyopewa na Bibi siku ya ndoa yake, na kijiti cha pamba cha kusafishia masikio.

Norman alishika simu kunipiga picha. Mimi nikajifunga kikoi cha Baba kichwani, nikasafisha koo.

"Mabibi na mabwana," nikatangaza, "tumekusanyika kumpaka marashi Bwana Namba Moja, ambaye leo anaaga ukapera."

Nilimshika kwa mabawa, taratibu, nikamgusa kwa pamba kwenye lile doa jeusi. Nilijua hasa pa kugusa, maana Rumaisa alikuwa amenifundisha. Akafuata namba nne, kisha namba sita. Namba mbili na namba tano waliniponyoka kila nilipowakaribia, nikawaacha. Namba tatu alitulia mkononi kama mtu mwenye adabu, na kwa adabu hiyo nikamzawadia kipimo cha mheshimiwa. Nilimpaka mabawa yote mawili ya nyuma mpaka yakang'aa.

"Anapendeza kuliko mjomba wangu," akasema Norman.

Tulicheka sana, na sitaficha kwamba tulicheka. Kisha nikarudisha chupa kabatini na kutupa kile kijiti.

Alhamisi asubuhi niliamshwa na ukelele wa Rumaisa. Nilidhani nyumba inaungua. Nilipofika chumbani nilimkuta amepiga magoti mbele ya kizimba, na kiganjani mwake namba tatu amelala chali, mabawa yamegandana kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta ya taa.

"Wengine je?" akauliza Mama kutoka mlangoni.

"Wanaruka, lakini majike wanawakimbia. Tazama! Tazama huyo!" Namba moja alikuwa akipepea juu ya jike. Jike alijitupa pembeni kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. "Jumatatu hawakuwa hivi. Jana asubuhi hawakuwa hivi. Mama, keshokutwa ni maonyesho!" Akalia. Rumaisa si mtu wa kulia. Hata siku alipovunjika mkono alitukana tu.

Mama alinusa hewani. Jikoni bado palikuwa na harufu ya dawa ya mende. Nyumba yetu nayo, kwa udi na ubani wa kila siku, ina harufu nyingi hivi kwamba hakuna aliyeona jambo geni. Niliona uso wake ukigeuka.

"Namalwa!"

Anti Namalwa akaja akijipangusa mikono kwa aproni.

"Ile dawa umepuliza wapi?"

"Jikoni, Mama Mujahid. Pale pale uliponiambia."

"Na huku?"

"Huku sikupuliza. Nilifunga mlango, nikaweka kitambaa."

"Basi huyu amekufa kwa homa?"

"Mimi sijui amekufa na nini. Nimekwambia nilichofanya."

"Mtoto amehangaika wiki sita, wewe unakuja kumwagia sumu kwa uzembe, halafu unanijibu?"

"Sikujibu vibaya. Lakini usinipigie kelele kwa kitu ambacho sijafanya. Hawa wadudu mimi pia nimewalea. Mitoo nimetafuta mimi, kwa miguu yangu, mpaka Kangemi."

Hapo hasira ya Mama ikafika pale ambapo maneno hutoka kabla ya kupimwa. Nimerithi kwake. Alisema Anti Namalwa ana kiburi, na kwamba amechoka naye. Alitaja shati lililoungua mwezi wa Februari, ambalo lilikuwa limeshasahaulika kwa wote isipokuwa hasira. Mwisho akasema, "Kesho ukimaliza kupika chakula cha mchana, chukua vitu vyako uende."

Anti Namalwa hakulia. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. "Sawa," akasema. Macho yake yalipita kwa Mama, kwa Rumaisa, kisha kwangu. Mimi nikaangalia dari. Dari yetu haina cha kuangaliwa, lakini niliiangalia kwa makini ya mkaguzi wa majengo.

Ningeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa moja tu: mimi. Badala yake nilifikiria Desemba, Bibi, na uso wa Baba. Nikateremka ngazi kumtafuta Norman.

"Futa zile picha," nikamwambia.

"Nishafuta. Sikiza, usijiitie moto, buda. Kwani yeye si ni mfanyakazi tu? Atapata kazi kwingine."

Nilimkasirikia Norman kwa maneno yale mpaka masikio yakaniuma. Nilimwita majina ambayo sitayarudia hapa. Ilikuwa hasira tamu, kwa sababu ilinipumzisha na ile niliyostahili kujikasirikia mwenyewe. Lakini nilipopanda tena juu, sikusema chochote. Norman alikuwa ameyatamka kwa mdomo, nami nikayatekeleza.

Ijumaa saa nne asubuhi Mwalimu Nyokabi aliwasili kutoka Hurlingham, kwa miguu, viatu vyake vyote viwili vikiwa na vumbi la Barabara ya Argwings Kodhek. Ni mwalimu wa sayansi wa Rumaisa, mwembamba, asiyependa kupotezewa wakati. Rumaisa alikuwa amempigia simu akilia.

Mwalimu hakuuliza nani kafanya nini. Alivuta kiti mbele ya kizimba na kuwatazama vipepeo kwa karibu nusu saa. Kisha akasema, "Viwavi wazima?"

"Wazima," akasema Rumaisa.

"Hilo la kwanza. Sumu ingewamaliza hawa kabla ya wote, wana ngozi laini. Majike wazima?"

"Wote wanne."

"La pili. Sasa tazama namba mbili."

Namba mbili alikuwa ametua kwenye jani na jike wake, mkia kwa mkia, watulivu kabisa.

"Amekubaliwa," akasema Rumaisa taratibu. "Na namba tano nilimwona asubuhi. Kwa hiyo wanaokataliwa ni moja, nne na sita. Na aliyekufa ni tatu."

"Dawa ya mende haijui kusoma namba, Rumaisa. Haiwezi kuchagua madume wanne ikawaacha wawili." Akamgeukia Mama. "Aliyewagusa hawa aliwashika mmoja mmoja. Hebu niletee yule aliyekufa."

Rumaisa alikuwa amemhifadhi kwenye kiberiti. Mwalimu akakifungua, akakisogeza puani, akainua nyusi.

"Mama, hii ni harufu gani?"

Mama akanusa. "Haludi," akasema, na sauti yake ikashuka.

"Basi hapo ndipo ulipo ugonjwa. Jike akipepewa hasikii harufu ya kabila lake. Anasikia duka la marashi. Kwake yeye huyo ni mgeni aliyevaa nguo za nyumbani. Hakuna aliyepuliza sumu hapa."

Nilipumua. Nikaona mambo yameisha: Anti Namalwa amesafishika, mimi sikutajwa, Lamu ipo. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

Mama alikuwa ameshakwenda kwenye kabati. Alirudi ameshika ile chupa, ameiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ilikuwa hapa," akasema akionyesha kwa ukucha. "Sasa iko hapa. Chupa ya mama yangu." Akapumua kwa pua. "Namalwa! Kumbe ni mwizi pia! Unajipaka haludi yangu, halafu na mikono hiyo hiyo unashika wadudu wa mtoto!"

Anti Namalwa alikuwa amesimama kwenye ushoroba, begi lake miguuni. Alikuwa amepika chakula kama alivyoambiwa. Harufu ya pilau ilikuwa imejaa nyumba nzima.

"Jana nilikuwa mzembe," akasema. "Leo mimi ni mwizi. Nikingoja mpaka saa sita nitakuwa nini? Sikai hapa hata dakika moja." Akanyanyua begi na kutoka. Mlango ulifungika kwa kishindo ambacho vipepeo wote walikisikia.

Mama akachukua simu ya ndani inayounganisha nyumba na lango. "Mwau? Huyo msichana wangu anashuka. Begi lake likaguliwe kabla hajatoka."

Mnajua kinachofanyika kwenye lango la nyumba za Kileleshwa mfanyakazi anapofukuzwa. Begi hufunguliwa kwenye benchi la bawabu, mbele ya anayeingia na anayetoka. Kila nguo huinuliwa. Hakuna kesi wala wakili, na mwenye begi husimama pembeni akitazama wengine wakihesabu maisha yake.

Nilisimama katikati ya sebule. Miguu yangu, ambayo shuleni hunitoa darasani kabla kengele haijamaliza kulia, ilikataa. Mwalimu Nyokabi alinitazama. Alikuwa akininusa kwa macho. Ndipo nikakimbia.

Nilishuka orofa nne kwa mkupuo mmoja. Langoni Mwau alikuwa ameshafungua begi. Watu sita au saba walikuwa wamesimama, wakiwemo mwendesha boda aliyeleta mzigo, akina mama wawili wa orofa ya kwanza, na Norman, amejibanza kwenye nguzo. Juu ya benchi palikuwa na suti ya kanisani ya Anti Namalwa, ya rangi ya zambarau, kanga mbili, ndala, nguo za ndani, na picha ya kipepeo aliyochorewa na Rumaisa.

"Samahani, dada," Mwau alikuwa akisema, aibu imemjaa. "Ni amri ya juu."

"Kagua," akasema Anti Namalwa. "Kagua mpaka kwenye pindo. Usiache."

"Ni mimi!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka nyembamba, sauti ya mbuzi. "Ni mimi nilichukua haludi! Niliwapaka vipepeo! Hakuiba, hakupuliza kitu, ni mimi! Tangu Jumatano!"

Nikageuka. Mama alikuwa amefika nyuma yangu, na Rumaisa, na Mwalimu.

"Umesemaje?" akauliza Mama.

"Nilikuwa na hasira kwa sababu ya chumba. Nilifanya mzaha. Bwana arusi lazima apakwe marashi." Huko juu maneno hayo yalikuwa yamechekesha sana.

Rumaisa alinipiga kofi. Kofi la mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye hubeba ndoo za udongo wa mimea ya viwavi si kofi la mzaha. Hakuna aliyemkemea, nami sikulalamika.

"Jana ulikuwa umesimama pale," akaniambia Anti Namalwa. Alisema polepole, na kila neno lilikuwa limechemka. "Nilikuangalia. Ulikuwa unaangalia dari."

"Ndiyo, anti."

"Uliniona nikiweka kitambaa mlangoni?"

"Nilikuona."

Akamgeukia Mama. "Na wewe, Mama Mujahid. Miaka minne niko kwako. Umekula kwa mkono wangu miaka minne. Rumaisa anasema hata mdudu haamini macho yake peke yake. Anaona rangi, halafu anakaribia kwanza, ndiyo aamue. Wewe uliona rangi tu. Ukasema huyu ni mfanyakazi, basi ni yeye. Hukukaribia hata hatua moja."

Mama alipiga hatua moja mbele. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote. Alipita mbele ya watu wote wale, akachukua suti ya zambarau kutoka benchini, akaipangusa vumbi na kuikunja. Akakunja kanga, moja baada ya nyingine. Akakunja hata zile nguo za ndani, kwa heshima, akizikinga na macho ya watu kwa buibui lake. Alipofunga zipu ya begi, alisema kwa sauti ambayo hata mwendesha boda aliisikia:

"Namalwa hakuiba. Nilimsingizia. Mwau, nilikutuma kitu kibaya. Namalwa, nisamehe. Ukitaka kuondoka, nitakuandikia barua nzuri na Baba Mujahid atakupeleka mwenyewe mpaka utakako. Ukitaka kubaki, nitashukuru."

Anti Namalwa alilitazama begi. Gari likapiga honi litoke, likangoja.

"Nitabaki," akasema mwishowe. "Lakini siku nyingine ukinishuku, uniulize nikiwa nimekaa, kama mtu."

"Nimekubali."

"Na begi sibebi mimi. Mimi sikulishusha kwa kupenda kwangu."

Niliruka kulichukua. Mama akausukuma mkono wangu. Alilibeba mwenyewe, orofa nne, akipumzika kila orofa, na hakuniruhusu kuligusa.

Baba alipewa habari zote baada ya swala ya Ijumaa. Desemba sitakwenda Lamu. Hilo lilimalizwa kwa sentensi moja. Swali lililobaki lilikuwa la Rumaisa na bango lake.

"Andika kilichotokea," akasema Mwalimu Nyokabi. "Ulitaka kuonyesha kwamba vipepeo hutambuana kwa harufu. Sasa unao wawili wenye harufu yao, na watatu ambao harufu yao imefunikwa. Wa kwanza wamekubaliwa, wa pili wamekataliwa. Hayo ni matokeo, tena mazuri. Lakini usifiche yalivyopatikana. Ukificha, yanaoza."

Basi Jumamosi, katika ukumbi mmoja mjini karibu na Bustani ya Jeevanjee, bango la Rumaisa liliandikwa hivi kwa wino mwekundu: *Marashi yaliwekwa na kaka yangu bila ruhusa. Dume mmoja alikufa.* Chini yake: *Shukrani kwa Bi. Namalwa, aliyetufundisha kuhusu mitoo.* Adhabu yangu aliipanga mwenyewe. Nilisimama kando ya meza kuanzia saa tatu, na kila mgeni aliyeuliza ni kaka gani huyo, nilitakiwa kujibu, "Ni mimi." Nililijibu neno hilo mara thelathini na nane. Mara ya kwanza nililisema nikitazama viatu vyangu. Kufikia saa saba lilikuwa linatoka bila kusukumwa, ingawa halikupata utamu wowote.

Majaji walipita, wakamuuliza Rumaisa maswali mengi, wakaandika mengi. Alipata nafasi ya pili. Aliyeshinda alikuwa na mashine ya kuchuja maji, na Rumaisa akasema ilikuwa inavuja.

Karibu na mwisho alikuja mwanamke aliyevaa suti ya zambarau. Alisoma bango lote kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu ambaye hajawahi kusikia kisa hicho. Kisha akaniangalia.

"Nani aliwapaka hawa marashi?"

"Ni mimi, anti."

Anti Namalwa akatikisa kichwa. Uso wake haukuwa umelainika sana.

"Leo umesema kabla hujaulizwa mara ya pili," akasema. "Sikiliza, Mujahid. Kumpaka kipepeo marashi ni makosa ya utoto, hayo nimekusamehe. Lakini kumwona mtu anabebeshwa kosa lako, nawe ukanyamaza, hayo si ya utoto. Mtu mzima anaweza kuharibikiwa maisha kwa kunyamaza kwako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati neno bado ni dogo. Likilala usiku mmoja, asubuhi litamtafuta mtu mwingine wa kumwangukia."

"Nimesikia, anti. Na hilo la kunyamaza, umenisamehe?"

Alinyoosha kola ya shati langu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hilo bado nakuangalia," akasema.